Ploti Inayonuka Petroli: Mama Visima Anajibu Barua Zenu

SWALI: Mama Visima, salamu kutoka Malaba. Mimi na kaka yangu tulinunua ploti kando ya barabara ya kwenda Tororo, tukitaka kujenga duka la vifaa vya ujenzi chini na vyumba vya wageni juu. Zamani palikuwa na sheli. Pampu ziling'olewa, lakini mfuniko wa tangi bado unaonekana kwenye zege. Mafundi walipochimba shimo la choo, kwenye kina cha mita tatu hivi udongo mwekundu uligeuka kuwa wa kijivu, karibu mweusi, ukanuka petroli hadi kijana mmoja akatoka shimoni akishika kichwa. Kontrakta anasema tuchote huo udongo, tumwage chokaa, tuendelee kujenga. Kampuni moja ya Kampala imetupa bei ya "utafiti wa udongo na maji ya ardhini" iliyozidi bei ya mabati yote ya jengo. Nyuma ya ploti, chini ya mteremko, kama mita sitini, kuna kisima kifupi cha pampu ya mkono ambacho majirani wanachota. Je, utafiti huo ni wa lazima, na hao watu wanakuja kufanya nini hasa? Na tuwaambie majirani sasa au tusubiri majibu? Tukisema tu, ploti yetu itakosa thamani. — Ndugu Wawili, Malaba

JIBU: Ndugu zangu, naanza na swali lenu la mwisho, kwa sababu mengine yote yanalifuata hilo. Waambieni majirani leo, kabla hamjapiga tena simu Kampala. Mwendeeni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pamoja na mtunza kisima, mwelezeni mlichokiona shimoni, na mwombe watu wasinywe maji ya pale mpaka yapimwe. Kusema hivyo si kutangaza kwamba maji yameharibika. Ni kusema kuna sababu ya kuuliza. Ploti ikishuka thamani, hiyo ni hasara ya fedha, na sheria ya kuidai ipo. Mtoto anayechotewa maji hayo kila asubuhi hana pa kwenda kudai.

Kinachonitia hofu ni benzeni, kemikali iliyomo ndani ya petroli, ambayo wataalamu wa afya hawabishani tena kwamba inasababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo chake kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Pigeni hesabu pamoja nami. Petroli ikiwa na benzeni asilimia 1, lita moja ya petroli hubeba karibu gramu 8.8 za benzeni. Zote zikiyeyuka majini, zinatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho, yaani jerikani 44,000 za lita ishirini. Kwa kawaida haziyeyuki zote: nyingine hugeuka mvuke, nyingine huliwa na vijidudu vya ardhini. Lakini tangi linalovuja lita 2 tu kwa siku hupoteza lita 730 kwa mwaka, na mwenye sheli anayepima kwa kijiti anaweza kupita miaka asilitambue.

Kwa hiyo, utafiti ni wa lazima, ndiyo. Ila si lazima uanzie pale kampuni inapotaka kuanzia, wala ulipwe wote kwa mkupuo. Sampuli ya kwanza kabisa isitoke kwenye ploti yenu. Itoke kwenye kile kisima cha mteremkoni, na kwenye kisima au chemchemi nyingine yoyote iliyo karibu. Nimefanya kazi ya visima upande huu wa mashariki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona ripoti nene zenye michoro ya rangi ambazo ukurasa wa maji ya majirani haumo kabisa. Ripoti ya namna hiyo imeandikwa kwa ajili ya benki. Ninyi ombeni ripoti inayoanza na watu wanaokunywa.

Kisha inakuja hatua ambayo gharama yake ni miguu na masikio tu. Watafuteni waliofanya kazi kwenye ile sheli: vijana wa pampu, mlinzi wa usiku, mama aliyekuwa akikaanga mihogo pale mbele. Waulizeni matangi yalikuwa mangapi, yamelala upande gani, lori lilikuwa likimwaga mafuta kupitia wapi, bomba lilipita wapi kwenda kwenye pampu. Waulizeni kama kuna siku tangi lilijaa likafurika, kama kuna tangi lililoachwa kutumika ghafla, kama maji ya mvua yaliwahi kuingia tangini. Watu wengi hudhani tangi ndilo linalovuja. Mara nyingi ni maungio ya mabomba, au ni pale pa kumwagia mafuta ambapo kila lori liliacha kidogo likaondoka. Ulizeni pia kama palikuwa na shimo la kubadilishia oili, maana oili chafu ni mgonjwa mwingine mwenye vipimo vyake. Na kama sheli iliuza mafuta kabla ya mwaka 2006, wakati nchi zetu zilipokuwa bado zinatumia petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu, andikeni hilo, ili maabara ipime na risasi kwenye udongo.

Mambo hayo yote yachorwe kwenye karatasi moja: matangi, mabomba, mteremko, choo cha jirani, kisima, mtaro, nyumba. Mtaalamu mzuri atakuja na maswali matatu mbele ya mchoro huo. Mafuta yako wapi? Yanapita wapi? Yanamfikia nani? Kila shimo atakalotaka kuchimba liwe linajibu mojawapo ya maswali hayo. Akishindwa kuwaambia shimo namba nne linajibu lipi, hilo shimo mnalipia bure.

Sasa ardhi yenu. Upande wa Tororo na Malaba, juu kuna udongo mwekundu wa changarawe, chini yake udongo wa mfinyanzi uliotokana na mwamba uliooza, kisha chini zaidi, karibu na mwamba wenyewe, tabaka la mawe yaliyovunjika na nyufa ambamo maji hupita kwa urahisi. Petroli ikivuja hushuka mpaka ikutane na maji, kisha kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji hukaa juu yake na kutambaa upande yanakoelekea. Sehemu ndogo huyeyuka na kwenda na maji, na hiyo haionekani kwa macho. Huko Marekani, uchunguzi wa maabara ya Livermore wa mwaka 1995 juu ya matangi yaliyovuja California uliona kwamba mkondo wa benzeni ardhini ni mara chache kuvuka futi 250, yaani mita 76 hivi, kwa sababu vijidudu huila njiani. Hiyo ni habari njema kwa mtu aliye nusu kilomita. Kwenu kisima kiko mita sitini, na ndani ya mwamba wenye nyufa maji hayafuati kanuni za mchanga wa California. Msijifariji nayo.

Hao wa Kampala wakija, wataanza na udongo. Watatoboa mashimo membamba kwa chuma cha kuzungusha kwa mkono au kwa mashine: karibu na miisho ya tangi, pa kumwagia mafuta, chini ya pampu zilipokuwa, kando ya njia ya bomba, na moja upande wa juu wa mteremko kwa ajili ya kulinganisha. Hilo la juu msikubali lifutwe kwa kubana bei, maana bila hilo hamtajua kama uchafu mwingine unatoka kwa jirani wa juu. Watakuwa na kifaa cha mkononi kinachopima mvuke wa mafuta, wenyewe wanakiita PID. Udongo unawekwa kwenye mfuko, unafungwa, unaachwa kidogo upate joto, kisha ncha ya kifaa inaingizwa. Namba yake haiwaambii kiasi cha benzeni. Inasaidia kuchagua kipande kipi cha udongo kiende maabara. Kipande kinachofaa ni kile kinachonuka zaidi, na kingine kutoka juu kidogo ya usawa wa maji, kwa kuwa hapo ndipo petroli hukusanyika. Chuma kioshwe kwa maji na sabuni kati ya shimo na shimo. Kaeni hapo mhakikishe kinaoshwa.

Baada ya udongo, mashimo matatu au zaidi yatageuzwa kuwa visima vidogo vya kuchunguzia: bomba la plastiki la inchi mbili lenye mikato midogo, kokoto pembeni, udongo wa kuziba juu yake, saruji, na mfuniko wenye kufuli. Yanatakiwa matatu yasiyokaa kwenye mstari mmoja, kwa sababu kwa kupima usawa wa maji kwenye pembe tatu ndipo unapojua maji yanaelekea wapi. Mteremko wa ardhi hutoa fununu. Usawa wa maji uliopimwa hutoa jibu. Sehemu yenye mikato lazima ianzie juu ya usawa wa maji na kushuka chini yake. Ikizamishwa yote chini ya maji, petroli inayoelea haitapata mlango wa kuingilia, na mtaambiwa hakuna kitu. Na wasitoboe kisima kirefu kinachovuka tabaka la mfinyanzi hadi kwenye mwamba bila kuziba vizuri, kwa maana watakuwa wamefungulia uchafu njia ya kwenda kwenye maji ya chini ambayo bado ni mazuri.

Jambo la msimu nitalikazia, kwa sababu hapo ndipo watu hulipa fedha nyingi wakapata jibu la uongo. Mvua zetu kubwa huja Machi hadi Mei, kisha tena baadaye katika mwaka, na usawa wa maji ardhini hupanda na kushuka nazo. Petroli hunata kwenye udongo kama mafuta ya kupikia yanavyonata kwenye sufuria. Maji yakipanda yanaifunika na kuibana chini yake, kisima cha uchunguzi kinaonekana hakina mafuta yanayoelea, na ripoti inaandikwa "safi". Njoo Februari, maji yameshuka, mafuta yale yale yanatiririka ndani ya bomba. Kwa hiyo mkataba wenu useme vipimo viwili: kimoja baada ya mvua, kimoja mwisho wa kiangazi. Mkikuta mafuta yanayoelea kisimani, msishtuke na unene wake pia. Unene unaopimwa ndani ya bomba huwa mkubwa kuliko ulio kwenye udongo wa mfinyanzi nje yake.

Sampuli za maji zinaharibika kirahisi kuliko za aina nyingine yoyote ninayoijua. Benzeni huruka. Inatakiwa chupa ndogo ya kioo ya mililita 40, ijazwe polepole hadi mdomoni, ifungwe bila hata povu moja kubaki, itiwe tindikali inayotolewa na maabara, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya siku 14, ingawa mimi ningetaka ifike kesho yake. Maji yaliyolala ndani ya bomba yatolewe kwanza. Mchukua sampuli asiwe ndiye aliyejaza petroli kwenye bodaboda asubuhi hiyo, kwa sababu glavu zake zitaandika majibu ya maabara badala ya kisima. Ndiyo maana chupa moja ya maji safi kutoka maabara husafiri na zingine kwenda na kurudi bila kufunguliwa. Ikirudi na benzeni, safari nzima imechafuka.

Kuhusu kontrakta wenu: chokaa haiondoi petroli. Na udongo mkiuchota sasa mtaupeleka wapi? Najua jibu, utajaza shimo la barabara ya kijiji au uwanja wa mtu. Halafu lile shimo lenu lenyewe litajaa maji yenye petroli juu. Lizungushieni uzio leo, lifunikeni mvua isiingie, na asishuke mtu mwingine ndani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini, unaweza kumlaza mtu kabla hajaita, na cheche moja inatosha. Wasivute sigara pale, wasiwashe jenereta mdomoni mwa shimo. Zaidi ya yote, msiwaruhusu wanunuzi wa vyuma chakavu wakate lile tangi kwa gesi. Tangi tupu ndilo linaloua, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Kutoa mvuke huo ni kazi ya watu wenye vifaa, na tangi litolewe baada ya uchunguzi kupanga namna.

Kuhusu vyumba vya wageni, subirini. Mvuke unaopanda kutoka ardhini huingia kwenye nyufa za sakafu na kukaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha usiku kucha. Ujenzi unaweza kuwezekana baadaye, pengine na sakafu yenye kizuizi na mabomba ya kutolea hewa, pengine kwa kulisogeza jengo. Hilo litaamuliwa na namba.

Sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Katiba yetu, ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inasimamia kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaweza kutoa amri ya kumtaka arejeshe ardhi katika hali yake. Anzeni kwa Afisa wa Mazingira wa wilaya na Afisa wa Maji, kwa barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, mkibaki na nakala. Biashara ya mafuta inahitaji kibali chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa hiyo jina la mwenye sheli linaweza kutafutwa Wizara ya Nishati. Piga picha za shimo, za mfuniko wa tangi, za udongo, kabla chochote hakijasogezwa. Mtu akihamisha ushahidi kwa sepetu, mwanasheria hawezi kuurudisha.

Ile bei ya Kampala, warudieni na barua yenye mambo haya: kisima cha majirani kwanza, historia, shimo la kulinganishia, visima vitatu vya kuchunguzia, misimu miwili, na malipo kwa hatua. Ulizeni kama mtaalamu wao amesajiliwa kufanya kazi za mazingira na kama mchimbaji ana leseni ya kuchimba visima. Hatua ya kwanza peke yake haitafika bei ya mabati. Ikifika, tafuteni wengine.

SWALI: Mama, nakaa Mbale, bondeni, karibu na gereji nyingi. Chemchemi yetu ina utando wa rangi rangi juu ya maji pale yanapotuama, na jirani anasema ni mafuta ya gereji. Mimi huchemsha maji yote ya watoto. Inatosha? — Mama wa Wanne, Mbale

JIBU: Mwanangu, chukua kijiti ukauguse utando huo. Ukivunjika vipande vipande kama vioo na vipande vikakaa mbali mbali, huenda ni kazi ya vijidudu vinavyokula chuma, na chuma ardhini kwetu ni kingi. Utaona pia ute wa rangi ya kutu kwenye mawe. Havina madhara makubwa. Ukizunguka kijiti na kuungana tena mara moja, hayo ni mafuta. Kisha nusa maji yaliyochotwa kwenye chombo cha kioo, si jerikani iliyowahi kubeba mafuta ya taa. Ila pua isiposikia kitu, usihesabu kwamba maji yamepita mtihani, kwa kuwa benzeni inaweza kuvuka kikomo kabla mtu hajaisikia.

Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na nakuomba usiache. Kwa petroli, kuchemsha si tiba. Sehemu ya benzeni huondoka na mvuke, nawe na watoto mnauvuta mkiwa mmeizunguka sigiri, na mafuta mazito ya dizeli na oili hubaki sufuriani. Dawa ya klorini ya kutia majini nayo haiyagusi. Kijiti kikionyesha mafuta, watoto wachotewe maji mahali pengine hata kama ni mbali zaidi, na peleka habari kwa kamati ya chemchemi na kwa Afisa wa Maji wa wilaya. Nenda na wanawake wengine wanaochota pale. Ofisi huwasikiliza haraka zaidi watu kumi waliosimama mlangoni na jerikani zao.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa shule moja ya bweni Arua. Kisima chetu kiko jirani na yadi ya zamani ya malori ya mafuta. Wanafunzi walilalamika ladha, tukapima. Karatasi ya maabara inasema: "Benzeni: chini ya 0.05 mg/L. E. coli: 0. Maji ni salama." Sampuli tulichukua kwenye chupa ya maji ya dukani, ikaenda Kampala kwa basi la usiku, ikapokelewa siku ya tatu. Bodi inauliza tufunge mjadala? — Mweka Hazina, Arua

JIBU: Bwana Mweka Hazina, usifunge. Soma tena ile namba. Kikomo ni 0.01. Kipimo chenu hakiwezi kuona chochote kilicho chini ya 0.05, yaani mara tano ya kikomo. Maji yenye 0.03 yangepata karatasi hiyo hiyo, na yangekuwa yamezidi kikomo mara tatu. Kwa hiyo neno "salama" kwenye karatasi halikutokana na namba iliyo juu yake. Hilo ni kosa la kuandika hitimisho, na una haki ya kurudi kuwauliza.

Chupa ya plastiki nayo inanyonya sehemu ya mafuta na kuachia mvuke, na siku tatu za joto bila barafu zimemaliza kazi. Hata kama kulikuwa na benzeni ya kutosha, huenda iliishia njiani. Na ile sifuri ya E. coli inahusu kinyesi. Haisemi neno juu ya mafuta, ingawa naona kila mara ikitumiwa kutuliza wazazi.

Rudia hivi. Kabla ya kuchukua maji, omba maabara ikuandikie kiwango cha chini kabisa inachoweza kuona kwa benzeni. Kikiwa juu ya 0.01, au mikrogramu 10 kwa lita, ambayo ni namba ile ile kwa vipimo vingine, tafuta maabara nyingine. Omba benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, pamoja na jumla ya mafuta ya petroli, petroli na dizeli zikitenganishwa. Omba wakutumie chupa zao za kioo. Barafu ya kusafirishia utaipata kwa wauza samaki, lakini ifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku ili maji yake yasiguse chupa. Weka tarehe, saa na sahihi ya kila aliyeishika chupa, kutoka kisimani hadi kaunta ya maabara.

Wakati mnasubiri, wanafunzi wanywe maji ya bomba la mji au yaliyoletwa. Ladha waliyoisikia wanafunzi wote kwa pamoja ni kipimo ambacho ningekiamini kuliko karatasi mliyo nayo mkononi. Na mtu akiwauzia chujio, mwulizeni kama ndani yake kuna kaboni, kwa kuwa kaboni hushika benzeni kwa muda, kisha hujaa na kuanza kuipitisha. Bila kupima maji yanayotoka, hamtajua siku ilipojaa.

SWALI: Sisi ni mafundi wa Ndeeba, Kampala. Oili chafu tunamwaga uwanjani kuzuia vumbi, na wengine wanakuja kununua kwa ajili ya kupaka mbao dhidi ya mchwa. Mwenye uwanja sasa anasema tumemharibia ardhi na anataka tutoe udongo wote. Je, ni kweli imefika kwenye maji? — Fundi, Ndeeba

JIBU: Fundi wangu, huenda haijafika mbali. Oili ni nzito, hushuka polepole kuliko petroli, na mara nyingi uchafu wake hukaa kwenye nusu mita ya juu au karibu yake. Lakini imebeba vumbi la chuma kutoka ndani ya injini na kemikali zinazotokana na kuungua ambazo baadhi yake husababisha saratani, na mvua ikinyesha, maji ya juu huzipeleka kwenye mtaro kabla hata hazijaingia ardhini. Ndeeba mtaro unaenda wapi, unajua.

Acheni kumwaga kuanzia leo, na msiuze ya kupaka mbao za nyumba ambamo watu watalala. Kabla ya kutoa lori hata moja la udongo, chimbeni vishimo vichache kwa jembe hadi udongo ubadilike rangi na harufu, mpime kina chake, na mwenye uwanja awepo akishuhudia. Chukueni sampuli kutoka chini ya mpaka huo, zipimwe oili na risasi. Mkijua kina, mtajua ni kiasi gani cha kutolewa, na mara nyingi ni kidogo kuliko anachodai mwenye uwanja. Udongo huo hauendi kwenye jalala la kawaida. Ni taka hatari, na husafirishwa na mtu mwenye leseni ya NEMA.

Tafuteni pipa la lita 200 lisilotoboka, liwekwe juu ya zege lenye ukingo, chini ya paa, na kila gari linalofunguliwa oili liwe na karai chini yake. Andikeni kwenye daftari lita zilizoingia pipani na nani alikuja kuzichukua. Mwenye uwanja akirudi na mwanasheria, mtamwonyesha daftari hilo.